Kitabu Alichokishona Shangazi Somoe

Siku ya arobaini ya shangazi Somoe, hapa Kivinje, nilitupa sahani ya pilau mbele ya watu. Sitaki kulainisha maneno: haikuniponyoka, niliitupa. Hitima ilikuwa imekwisha kusomwa, wanaume wamekula na kuondoka, sisi wanawake tumebaki ukumbini na masinia yetu, na mazungumzo yamefika pale yanapofika katika kila msiba wetu, pale marehemu anapoanza kuchekwa kwa mapenzi. Chanzo kilikuwa mjukuu wetu, binti wa miaka minane, mtoto wa mpwa wangu Rehema anayekaa Dar. Mtoto huyu haendi shule. Rehema anamsomesha mwenyewe nyumbani, mambo ya siku hizi, na hata msibani alikuja na kitabu chake cha mazoezi, kikubwa, cha picha za rangi, ambacho kila ukurasa una mstari wa vitobo karibu na mgongo ili ukishajazwa uchanwe na kutiwa kwenye faili. Alikuwa anachana vibaya. Alishika ncha ya ukurasa akavuta kama anayenyonyoa kuku, na ukurasa ukapasuka katikati ya jibu. Nikamwita. Nikamwonyesha kwamba unakunja kwanza kufuata vitobo, unapitisha ukucha, unakunjua, unakunja upande wa pili, unapitisha ukucha tena, halafu unakandamiza kitabu kwa kiganja cha kushoto na kuvuta polepole kuelekea kwako, wala si juu. Ukurasa ukatoka mzima, ukingo umenyooka. Mtoto akafurahi, akataka nimtolee na mwingine.

“Mwacheni bibi amfundishe,” akasema binamu yangu Mwanaidi, mdomo umejaa. “Yeye na vitabu vya vitobo wanajuana. Au hamjui marehemu alivyomshonea?” Basi akaanza, na wasiojua wakasogea. Akasimulia jinsi shangazi, fundi wa kofia asiyejua kusoma, alivyoona vitobo kitabuni akadhani uzi umetoka, akachukua sindano yake akashona kurasa zote, na kurasa zikaharibika, na Salima akakosa mtihani. “Kidato cha nne chote kikaliwa na sindano ya kofia!” Wakacheka mpaka wengine wakapangusa machozi kwa ncha za kanga. Na mama mmoja mtu mzima, Bi Zuwena, aliyekuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta, akanigeukia kwa huruma akasema, “Salima mwanangu, maiti keshazikwa. Mpaka leo hujamsamehe tu?” Hapo ndipo sahani iliporuka. Wakaichukua kuwa ndiyo jibu langu, kwamba kweli sijamsamehe, na Mwanaidi akainama kuzoa wali huku akisema neno ambalo nimesemwa nalo tangu nina meno ya utoto: hasira hasara. Nikatoka nje. Nina miaka hamsini na kitu, na siku ile nilikuwa tayari kumpiga binamu yangu kwa sinia. Lakini hasira yangu haikuwa juu ya marehemu, na ninaandika haya kwa sababu mdomo wangu ulikuwa na nafasi ya kusema na haukusema.

Habari za wazazi wangu nitaziacha. Niliingia nyumba ya shangazi Somoe nina miaka kumi na saba, nikiwa na sanduku la bati na barua ya kufukuzwa shule. Ilikuwa shule ya bweni ambayo siitaji, na mwalimu wa nidhamu ambaye simtaji vilevile, ingawa jina lake ninalo na nitafufuliwa nalo. Rafiki yangu aliamka na homa, anatetemeka, hakumaliza kupalilia sehemu yake ya shamba la shule. Mwalimu akamlaza kwenye benchi mbele yetu sote. Alipofika fimbo ya nne nikatoka kwenye mstari, nikamnyang'anya fimbo, nikaivunja gotini, nikamtupia vipande miguuni. Nikiulizwa leo kama ninajuta, sijuti hata chembe. Ningekuwa na goti zima ningeivunja tena. Naliweka hili hapa ili ieleweke kwamba si kila hasira yangu naionea haya. Ile ilikuwa ya haki. Tatizo ni kwamba mikono iliyovunja fimbo ndiyo niliyokwenda nayo Kivinje.

Mwalimu mmoja wa kike, aliyenisindikiza mpaka getini akijifanya ananikemea, alinipa kipande cha karatasi chenye jina la kituo kimoja cha masomo ya posta pale Lindi mjini. Utaratibu wake ulikuwa huu. Kituo kinakuletea vitabu vya mazoezi, unasoma mwenyewe nyumbani, na nyuma ya kila kitabu kuna kurasa kumi na mbili za majibu zenye vitobo. Unajaza, unachana, unatuma. Zikirudi zote zimesahihishwa na umefaulu, kituo kinakuandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Zisipotimia, huandikishwi. Kwangu mimi hapakuwa na mlango mwingine. Hakuna shule ambayo ingempokea msichana aliyemvunjia mwalimu fimbo, na watu wa nyumbani walikwisha kuanza kutaja majina ya wanaume.

Nyumba ya shangazi ilikuwa na vyumba vitatu na ukumbi mrefu, na ukumbi wote ulikuwa wa kofia. Alishona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vidogo vilivyopangwa kwa mistari, ambapo kila kitundu hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka kikawa jicho. Kofia moja ilimchukua miezi. Zilizomalizika alizitia wanga na kuzivika juu ya mabakuli yaliyopinduliwa, zikajipanga ukutani, na usipozizoea unaweza kudhani watu wameketi wanakusikiliza. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Mchana ugali na mchuzi wa papa, au kisamvu kilichotiwa nazi mpaka kikaacha kuwa mboga kikawa starehe. Jamaa zetu wa Mitole walituletea korosho wakati wake, na shangazi akazibangua kwa mikono iliyokwisha kuota sugu, akila moja na kunipa tatu. Hakuwahi kuniuliza habari za fimbo. Mimi nilikuwa chumbani mwangu, nyuma ya pazia, na vitabu vyangu, nikijifundisha hesabu kwa sauti kwa sababu hapakuwa na wa kuniambia nimekosea.

Ukurasa wa kwanza niliotuma ulirudi baada ya wiki sita bila kusahihishwa, umepigwa muhuri mwekundu: IMEHARIBIKA. Nilikuwa nimevuta kwa pupa, mchaniko ukatoka kwenye vitobo ukaingia ndani kama upana wa ukucha. Upande ule ule, kando ya vitobo, ndipo palipochapwa namba ya mwanafunzi na namba ya somo, na ukurasa usio na namba, walisema, hauna mwenyewe. Jina langu lilikuwa juu kabisa, kwa mwandiko mzuri wa wino wa buluu. Halikuwatosha. Majibu kumi na tano ya Jiografia, na kumi na tano yote nina hakika yalikuwa sahihi, yakatupwa kwa sababu ya kiukanda cha karatasi ambacho hata panya asingejisumbua nacho. Ningali ninakasirika. Ilibidi niandike barua kuomba ukurasa mwingine, ningoje, nijaze upya. Tangu siku hiyo nikajifunza kuchana kama wengine wanavyojifunza kupika. Wakati wa masika karatasi inanywa unyevu wa bahari, inalegea, hata ukiivuta kwa adabu inakatika popote. Basi nikawa naweka kitabu dirishani jua likipanda, na kuchana saa saba mchana, karatasi imekauka na inalia. Sikulowesha kidole kwa mate. Sikutumia kisu, maana kisu hakijui vitobo. Nilikunja huku na huku mara nne, si mbili, mpaka nikahisi kwa kidole kwamba nyuzi za karatasi zimechoka zenyewe.

Na nilichana kwa siri. Hili ndilo binamu zangu hawalijui wanapocheka. Siku ya kwanza shangazi alinikuta na ukurasa mkononi, akashika kifua. “Unachana chuo?” Nikamwambia hiki si chuo cha dini, ni kitabu cha mazoezi tu. “Chuo ni chuo,” akasema. “Sisi tulipigwa kwa kukunja ukurasa tu, mwanangu, sembuse kuchana. Elimu haichanwi.” Shangazi alisoma Kurani asubuhi na jioni, kwa sauti nzuri kuliko ya mwalimu yeyote aliyenifundisha, alichokuwa hakisomi ni hizi herufi zetu za serikali. Ningeweza kuketi naye. Ningeweza kumwonyesha vitobo, kumwambia kwamba mtengenezaji wa kitabu ndiye aliyevitoboa, kwa makusudi, ili kurasa zitoke. Mtu aliyetoboa vitundu maisha yake yote angenielewa kabla sijamaliza kusema. Sikumweleza. Nilijiambia hataelewa, na nilijiambia hivyo kwa sababu nilimdharau, mimi wa kidato cha tatu nisiyemaliza. Nikasema tu, “Basi, sichani tena,” na kuanzia hapo nikachana anapokwenda kwa mfanyabiashara wa kofia au kwenye maulidi.

Alasiri wenzake walikuja kushona naye ukumbini, na pazia langu halikuzuia maneno. Siku moja alikuwapo mgeni wa Mitole, mwanamke mwenye sauti ya kuita mbuzi, na nikamsikia akiuliza, “Ndiye huyu aliyemvunjia mwalimu fimbo?”

“Ndiye,” akasema shangazi.

“Mtihani huo! Nani atamwoa mtoto mkali hivyo?”

“Fimbo ni mti,” akasema shangazi. “Miti inaota. Mtoto wa watu aliyepigwa na homa yake je, ngozi inaota?”

Nikasikia uzi unapita kwenye kitambaa. Kisha Bi Zuwena akauliza nasoma nini humo ndani peke yangu, mbona sina mwalimu. Shangazi akajibu, “Kitabu ndicho mwalimu wake. Kinamfundisha, naye anakijibu. Mwakani atafanya mtihani na watoto wa shule, atawashinda, halafu tutaona nani atamuuliza habari za fimbo.” Nilikuwa nimeketi sakafuni na penseli yangu. Sikuwa nimemwambia neno lolote kuhusu mtihani. Alikuwa amelikusanya mwenyewe, kutoka kwenye hesabu nilizokuwa nasoma kwa sauti. Nililia kidogo, kisha nikaona haya, nikaendelea na mafumbo ya hesabu.

Mwaka ukasogea. Kitabu baada ya kitabu kikarudi kimesahihishwa: Kiswahili, Historia, Baiolojia, na ile Jiografia iliyozaliwa mara mbili. Kikabaki kimoja, Hisabati, na barua ya kituo ikasema mwisho wa kupokea ni Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani, saa sita mchana, na kwa kuwa muda ni mfupi nipeleke kwa mkono. Kurasa kumi na mbili. Nilizijaza zote. Wiki hiyo shangazi hakutoka nyumbani hata mara moja, kwa maana kofia za Idi zilikuwa zimemfika shingoni; kila mwanamume mwenye uwezo kuanzia Kivinje mpaka Masoko alitaka ya kwake. Sikupata nafasi ya kuchana. Nikafanya nilichoweza: nikajifungia chumbani nikalegeza kurasa zote kumi na mbili, nikazikunja huku na huku mpaka zikabaki zinaning'inia kwa vitobo tu, ili siku ya safari nizivute dakika moja na kuondoka. Nikafunga kitabu, nikakiweka chini ya mto, nikaenda Masoko kupiga picha za pasipoti za kuandikishia. Mpiga picha akaniambia zitakuwa tayari keshokutwa. Nikalala kwa rafiki, nikarudi Jumatano mchana.

Nilimkuta ameketi mkekani, macho mekundu. Kapu la kofia lilikuwa pembeni, halijaguswa tangu nilipoondoka. Niliitambua ile kofia ya juu, jicho lake la mwisho lilikuwa bado nusu. Akaniambia nikae. Akanipa kitabu changu, amekifunga ndani ya kanga mpya.

“Nilikuwa nakutandikia,” akasema. “Nikakiona. Uzi umetoka wote, mwanangu! Kurasa zinaning'inia, vitundu vitupu kabisa. Wamekuuzia kitabu kilichooza. Nikasema, mtoto wangu aende mbele ya wakubwa wa Lindi na kitabu kilichofumuka? Hata. Kofia zingoje.”

Nikafungua. Alikuwa ameshona kila ukurasa. Kila kitobo, sijui vilikuwa vingapi, kimepitishwa uzi mweupe wa kofia, ule mwembamba kuliko wote, na kila kimoja kimezungushiwa kama jicho la kofia ya bwana harusi. Mistari kumi na miwili, imenyooka, haina fundo linaloonekana. Siku mbili za macho yake. Nimeona kazi nyingi za mkono tangu wakati huo, na sijaona iliyofikia ile. Yule mwanamke aliweka chini riziki yake ya mwaka, akashona hesabu asizoweza kuzisoma, ili nisiaibike.

Na mimi nilimwita mjinga. Si kwa kuzunguka. Nilisema, “Mjinga wewe, umeniua,” kwa dada wa baba yangu, nyumbani kwake, nikiwa nimeshiba chakula chake. Nikasema na mengine. Nikamwambia vitobo ni vya kuchania, kila mtu duniani anajua isipokuwa yeye. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi. Uso wake ulibadilika mara moja tu, pale alipoelewa. Kisha akanyoosha mkono.

“Lete,” akasema. “Nilichoshona mimi, mimi ninakifumua. Sasa hivi adhuhuri haijaadhiniwa. Kabla ya magharibi zitakuwa zimetoka zote kumi na mbili, wala hutaona alama. Basi si kesho asubuhi? Lete, mwanangu.”

Tayari alikuwa ameshika kimkasi chake kidogo. Na alikuwa anasema kweli. Nalirudia kwa sababu miaka thelathini na zaidi nimejaribu kujidanganya kwamba muda haukuwapo, na muda ulikuwapo: mchana mzima, fundi aliyeweza kufumua kofia nzima bila kutoboa kitambaa, na basi la kesho yake. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Ningempa kile kitabu, nikaenda jikoni nikampikia uji, leo nisingekuwa na la kuandika. Badala yake nilishika ukurasa wa kwanza nikauvuta. Si kuelekea kwangu, polepole, kiganja juu ya kitabu, mimi niliyejua kuchana kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima ya Kilwa. Niliuvuta juu, kwa nguvu zangu zote. Uzi wa kofia haukatiki. Karatasi ndiyo iliyokatika, ikapasuka kulia kwa vitobo, ikaacha namba zake zimeshikwa na uzi mgongoni mwa kitabu, ikanijia mkononi na nusu ya majibu. Ningeweza kukoma kwenye huo mmoja. Nilichana wa pili, nikachana wa tatu, shangazi anasema “Salima, Salima, Salima,” na mimi ninachana, mpaka wa kumi na mbili, na nilipomaliza nikatafuta wa kumi na tatu. Watu husema hasira ya mkizi furaha ya mvuvi. Siku ile hata mvuvi hakuwapo. Nilijivua mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alipiga magoti akaokota vipande, kimoja kimoja, akavipanga kwa kufuata mipasuko, kama vile ningeweza bado kumwambia kipi kinakwenda wapi. Bi Zuwena akachungulia mlangoni, “Jamani, kuna nini humu?” Nilingoja nisikie nikisemwa. Shangazi akasema bila kuinua kichwa, “Kitabu cha mtoto kimechanika. Nilikishona vibaya.” Ndivyo ilivyoanza. Baadaye, nilipokwisha kuolewa na kuondoka, alikuja akakifanya kisa hiki kichekesho yeye mwenyewe. Alikisimulia harusini, akakisimulia kwenye unyago, akijiigiza anatia uzi kwenye sindano na kufinya jicho moja: “Mimi huyu na ujuzi wangu, nikamshonea mtoto mtihani!” Watu wakacheka, naye akacheka kuwashinda. Akina Mwanaidi hawakukitunga. Walikitoa kinywani mwake, na kila alipokisimulia mbele yangu, nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na nilikunywa. Kuna wanaoniambia alifanya hivyo kwa kuwa alikuwa amekwisha kunisamehe. Sitaki kusamehewa hivyo. Nilitaka anichape.

Alhamisi alfajiri aliniambia nivae. “Twende Lindi. Mtu mzima akisema, husikilizwa.” Ndani ya basi niligeukia dirishani. Mwanamke mmoja anayekwenda Kilangala alitugawia ndizi. Shangazi alipokea zote mbili, akaniwekea yangu pajani, sikuila. Tulilala Lindi, na Ijumaa saa tatu tukawa ofisini, chumba chenye meza mbili, feni isiyozunguka na kabati lenye vitabu vipya vilivyofungwa kwa kamba. Afisa alikuwa kijana, labda wa miaka thelathini, na pembeni yake karani wa kike anayepiga mihuri. Sikuwa tayari kwa lililofuata. Shangazi yangu, mwenye mvi, aliyezalisha nusu ya mtaa wetu, alisimama mbele ya meza ile akasema, “Shikamoo.” Na yule kijana, bila kuinuka, akaitika, “Marahaba.” Nilihisi fimbo mkononi mwangu. Haikuwapo.

Shangazi akaweka kitabu mezani, na vipande ndani ya kanga. Afisa akavigeuza kwa ncha ya kalamu.

“Nini hiki?”

“Ni kazi ya mtoto wangu, baba. Ameifanya yote. Hesabu zote zimo, ukiziunganisha zinasomeka. Aliyechana ni mimi.”

Nikamgeukia. Hatukuwa tumepanga. Alikuwa anatazama meza.

“Wewe?” akasema afisa. “Kwa nini?”

“Nilidhani uzi umetoka, nikashona. Kisha nikataka kufumua, mkono ukanizidi. Naomba umpokelee. Kosa si lake.”

Karani aliushika mgongo wa kitabu, akaona mishono, akacheka kwa pua. “Ameshona kabisa! Kama kofia!” Afisa hakucheka. Alituambia juu ya namba, na ukurasa usio na namba, na utaratibu uliopangwa na wakubwa kuliko yeye. Kisha akavua miwani. “Mama, unajua kusoma?”

“Nasoma Kurani.”

“Nimeuliza kusoma.”

Afisa hakungoja jibu. “Ndivyo mnavyowaharibu hawa watoto,” akasema yule kijana. “Serikali inahangaika, walimu wanahangaika, nyinyi huko nyumbani mnaharibu kwa ujinga.” Ni neno lile lile. Aliyelisema safari hii alikuwa mgeni, na shangazi alilipokea kama alivyolipokea langu, kichwa kimeinama, mikono imekunja kanga. “Ndiyo, baba,” akasema. “Ni ujinga wangu. Usimhukumu mtoto kwa ujinga wangu.”

Afisa akavuta daftari la wanaosubiri kuandikishwa, akatafuta mstari wa jina langu, akachukua rula. Kabla ya kupiga mstari akanitazama mimi. Nadhani kuna kitu alikiona usoni mwangu, maana sauti yake ilipungua ukali, na nimefikiri mara nyingi kwamba huenda, kama angesikia jambo jingine, hata kwa ajili ya kulistaajabia tu, angeiweka rula chini.

“Binti,” akasema, “ni kweli huyu mama ndiye aliyezichana?”

Shangazi Somoe aliinua macho akanitazama, na akaniinamishia kichwa kidogo sana, kuniruhusu.

Nikasema, “Ndiyo.”